Maji ya Kwa Wikendi

Barua ya Babirye ilifika siku ya Jumatatu mkononi mwa dereva wa lori la mbao, nayo ilikuwa na mistari saba. Zaituni aliisoma amesimama mlangoni pa jiko, akaisoma tena ameketi. Babirye aliandika kwamba Jumamosi atakuja kuifungua nyumba ya marehemu baba yake. Kwamba watu wa Jinja, baada ya vita na taabu zote zile, wameanza tena kutafuta mahali penye baridi pa kupumzikia mwisho wa juma. Kwamba bomba lililo nje ya ua litarudishwa ndani kabla wageni wa kwanza hawajafika. Kisha alimsalimu vizuri na kuuliza hali ya paa.

Paa halikuwa na shida. Mstari wa bomba ndio uliomshughulisha Zaituni. Alitazama nje, akaona wanawake tisa wakingoja zamu kwenye bomba hilohilo, na madumu yao yamepangwa kwa kufuatana hadi kwenye mtaro wa barabara.

Ilikuwa mwaka 1989, na Zaituni alikuwa amekaa chini ya majabali ya Wanale miaka ishirini kamili. Hakuzaliwa huko. Alizaliwa Jinja, upande wa Masese, binti wa Mnubi aliyekuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, na kustaafu akiwa na mguu mmoja mfupi. Huko ndiko alikoolewa na Yakub, mpishi, na huko ndiko Geresom, baba yake Babirye, alikowakuta wote wawili na kuwaajiri.

Geresom alikuwa mkandarasi wa majengo, Msoga mwenye heshima zake, mtu wa kanisa na wa kutimiza tarehe za kazi. Mwaka 1969 alijenga nyumba ya mawe yenye vyumba saba huko Wanale, juu ya mji wa Mbale. Hakuijenga ili aishi. Ijumaa jioni alimpakia mkewe Kagoya na watoto garini, akafunga safari ndefu ya kupitia Tororo hadi Mbale, akapanda mlima, na Jumapili baada ya chakula cha mchana akageuza gari. Wagisu wa pale walistaajabu. Hawakuwahi kumwona mtu mwenye akili timamu akijenga nyumba kubwa kuliko kanisa lao kwa ajili ya kulala siku mbili. Wakaiita Wikendi. Mwanzoni lilikuwa jina la dhihaka, halafu likawa jina la mahali. Mtu akikutana na mwenzake Jumanne na kumuuliza aendako, hujibiwa bila kucheka, "Naenda kwa Wikendi."

Haki lazima itendeke: nyumba ile ilileta riziki. Geresom alitengeneza barabara ya kokoto kutoka mjini, maana gari lake lilikuwa la chini. Wanawake waliuza mayai, maziwa, maharage na kuku. Waashi wawili walipata kazi ya kudumu ya kuta na bustani. Zaituni mwenyewe alisuka kawa za kufunikia vyakula kwa rangi za Kinubi, na wageni wa Geresom hawakuondoka bila kununua. Mwenye nyumba ya mapumziko anapoketi katika kijiji, hata kama ni siku mbili, kijiji humwonja.

Lakini naye hukionja kijiji. Geresom alitaka maji ya chemchemi yaingie nyumbani kwake, na chemchemi ilikuwa katika shamba la mzee mmoja aliyeitwa Yekosofati. Walikaa kikao barazani. Yakub alipika, Zaituni akamimina chai, na akiwa na birika mkononi alisikia kila neno. Yekosofati aliyatoa maji. Wanaume wa kijiji wakakubali kuchimba mtaro wa bomba, karibu maili nzima ya mawe na mizizi, bila ujira. Geresom naye akaahidi kwamba bomba moja litatokeza nje ya ua, la kijiji, ili wanawake wasishuke tena mtoni. Waliuchimba mtaro siku kumi na moja. Maji yakaingia nyumbani. Bomba la nje likawa la mwezi ujao, kisha la mwaka ujao, kisha likawa jambo ambalo mtu hulitaja kwa kukohoa. Hakuna aliyekuwa ameandika chochote. Geresom hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwema aliyepata alichokitaka na kuacha kukumbuka bei yake, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wezi.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1979.

Mwishoni mwa Machi Geresom alikuja peke yake, hakuvua hata koti. Alimpa Zaituni funguo zote za nyumba zikiwa kwenye pete moja ya chuma. "Usimpe mtu, Mama Zaituni. Mtu yeyote. Mpaka uuone uso wangu." Zaituni aliapa kwa Mwenyezi Mungu, ingawa hakuombwa kuapa.

Siku zile watu walimhesabu kila Mnubi kuwa askari wa serikali inayoanguka, na kila askari kuwa mwuaji. Yakub hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Alichokishika ni kisu cha vitunguu. Hata hivyo, habari zilipoletwa kwamba Wanubi wa Namakwekwe, mtaa wa Mbale, wanatolewa vyumbani na kupigwa, alifunga fulana mbili katika shuka na kufuata njia ya kaskazini pamoja na wenzake. Zaituni alibaki, kwa sababu ya kiapo chake. Yakub hakurudi. Miaka mitatu baadaye mtu aliyetoka Sudan alileta salamu za msiba.

Siku chache baada ya Yakub kuondoka, maiti mbili zilionekana mtoni, zimenaswa kwenye mawe pale pale wanawake walipotekea. Nambozo, mke wa Mafabi, ndiye aliyekuja langoni na mtungi. Mafabi alikuwa mtoto wa yule Yekosofati.

"Mama Zaituni," Nambozo alisema, "mtoni hapana kunyweka tena. Wewe nafungua ama nasema hapana?"

Zaituni alifungua lango dogo. Toka siku hiyo wanawake waliingia alfajiri, wakateka kwenye tangi na kutoka. Na kundi la vijana lilipopanda kutoka mjini na marungu, likiuliza Mnubi yuko wapi, Nambozo aliweka mikono kiunoni na kuwaambia kwamba Mnubi alikwisha kukimbia, kwamba mwanamke aliyebaki pale ni shemeji yake, na kama hawaamini waje waonje mwiko wa ugali. Wakacheka, wakashuka. Basi Zaituni aliwapa maji, nao wakampa uhai. Hakuna aliyelipima jambo hilo kwa kibaba.

Mwezi wa tano ndipo wakaja askari wa nchi jirani, walioiangusha serikali ile. Ilikuwa asubuhi, wanawake wako tangini, na gari la jeshi likasimama langoni. Sajini, kijana mrefu, alishuka, akavua kofia, akainamisha kichwa mbele ya Zaituni.

"Shikamoo, mama."

Kiswahili kilikuwa lugha ya Zaituni tangu utotoni, lakini kilikuwa Kiswahili cha Masese na cha kambini: jambo, habari, na salamu ya Kiislamu kwa Waislamu. Shikamoo hakuwahi kuambiwa. Yeye na wanawake wote waliokuwa pale walisikia sehemu moja tu ya neno lile: shika. Kwa miaka minane neno hilo likitoka kinywani mwa mtu mwenye sare, lilikuwa na maana moja. Mitungi ilianguka. Wanawake waliruka kitalu cha vitunguu wakatokomea migombani, na askari garini, walipoona watu wanakimbia, wakainua bunduki.

Zaituni hakuweza kukimbia. Alidhani kwamba kijana yule anawaamuru wenzake wamshike, na akili yake yote ikakimbilia kwenye kitu kimoja ambacho huenda wanakitaka. Akachomoa pete ya funguo kiunoni na kuinyosha kwa mikono miwili.

"Afande, shika wewe. Mimi hapana kataa. Shika."

Sajini alizipokea, kwa sababu mtu akinyoshewa kitu hupokea. "Hizi za nini, mama?"

"Za nyumba."

"Lakini mimi nimekusalimu tu."

Zaituni alimtazama bila kuelewa. Yule kijana naye aligeuka, na kwa mara ya kwanza akaitazama nyumba: kuta za mawe, vyumba saba, bomba la moshi, tangi la maji. Vijana wake walikuwa wamelala kwenye mvua siku kumi na mbili. Aliitazama kwa muda, kisha akazitia funguo mfukoni.

"Asante, mama," akasema. "Tutaitunza."

Walikaa wiki saba. Na kwa kweli waliitunza. Walilala na viatu vitandani, wakachukua redio moja na mablanketi mawili, lakini hakuna mporaji aliyethubutu kupanda kilima, wakati nyumba nyingine za wenye mali mjini zilikuwa zinang'olewa milango. Sajini hakutaka wanawake waingie kambini, akasema hivyo bila ukali. Miongoni mwa askari wake alikuwapo mmoja wa Iringa aliyekuwa fundi bomba kabla ya vita. Huyo alipewa kazi, akachimba kidogo nyuma ya nyumba, akatokeza bomba upande wa pili wa ua, akalijengea kisiki cha saruji. Jambo lililongojewa miaka kumi lilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Walipoondoka, Zaituni alirudishiwa funguo na barua ya shukrani yenye saini. Barua hiyo aliichoma. Kisha alikaa akamwandikia Geresom, na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo si la hofu ya ghafla, kwa maana alikuwa na muda wa kufikiri. Aliandika: *Askari walininyang'anya funguo kwa nguvu.* Geresom alijibu kutoka Jinja kwamba anamshukuru Mungu kwa uhai wake, kwamba mwanamke peke yake hakuwa na la kufanya, na kwamba katika wafanyakazi wake wote hajaona mwaminifu kama yeye. Zaituni angeweza kustahimili karipio. Sifa ile ilimwuma kila alipoikumbuka. Geresom alikufa mwaka 1982, hakurudi tena Wanale.

Sasa Babirye, binti yake mkubwa, alikuwa anakuja. Alikuwa ametajirika katika biashara ya samaki pale Masese, na Zaituni alimkumbuka akiwa msichana wa miaka kumi, asiyependa kuvaa viatu.

Juma lile lilikuwa refu. Jumanne Mafabi alipanda kwa Wikendi akiwa na daftari la mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji, maana yeye ndiye aliyechaguliwa. Hakuja kugomba.

"Sisi hatukatai nyumba ifunguliwe," alisema. "Tangu imefungwa, mayai ya Nambozo wanakula watoto wake. Barabara imekuwa ya mbuzi. Wageni waje, walete mikate, tuwauzie kahawa. Lakini maji, hapana. Baba yangu alitoa maji kwa ahadi."

"Najua."

"Wewe ndiye unajua. Baba yangu amekufa. Geresom amekufa. Yakub amekufa. Sisi wengine tukisema, atasema tunatamani cha bure. Wewe ulikuwa na birika. Wewe ni mtu wao. Utasema?"

"Nitasema," Zaituni alijibu.

Usiku ule na ule uliofuata hakulala vizuri. Alijua atakachoulizwa. Babirye alikuwa amesikia kwa baba yake kwamba Zaituni hasemi uongo, na ushahidi wake juu ya kikao cha barazani ungesimama juu ya sifa hiyo. Na sifa hiyo ilisimama juu ya uongo. Alijaribu kuligeuza jambo huku na huku kama mtu anayetafuta upande safi wa kitambaa. Kusema kweli juu ya funguo ni kuuharibu ushahidi wake na kuwanyima wanawake tisini maji. Kunyamaza ni kuwapa maji kwa mkono mchafu. Alhamisi alimwambia Nambozo, kwa sababu hakuweza tena kulibeba peke yake.

Nambozo alikuwa anaosha dumu. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo.

"Siku ile mimi niriruka kitalu nikapoteza kanga," alisema kwa matamshi yake ya Kigisu. "Shikamoo. Kumbe ni habali za asubuhi." Kisha akaacha kucheka. "Zaituni, usiwe mjinga. Wewe sema askali wanyang'anya. Ni karatasi ya zamani. Nani atafufuka aseme hapana?"

"Mimi naijua."

"Basi ijue kimya. Kiuno changu kinakumbuka mto. Wewe una miaka kumi ya kukaa na uongo wako bira shida, sasa unachagua juma hiri kuwa mtakatifu?"

Neno hilo lilikuwa kali na lilikuwa na ukweli ndani yake. Mtu aliyechelewa kutubu humtwisha mwingine gharama, na jambo hilo wahubiri hawalisemi mara nyingi.

Jumamosi saa nne pikapu nyeupe ilipanda ikiyumba kwenye mashimo. Alishuka Babirye, mwanamke mnene mwenye saa ya mkononi na gomesi ya bluu, lile gauni refu la heshima, pamoja na fundi bomba kutoka Jinja aliyeitwa Ojok, mwembamba, mwenye sanduku la spana. Babirye alimkumbatia Zaituni kwa nguvu, akampiga piga mgongoni.

"Mama Zaituni, umekonda. Hawa Wagisu wanakulisha nini?"

"Wananilisha, nyabo," Zaituni alisema, akimwita bibi kwa lugha ya Jinja. "Ni mimi nasahau kula."

Babirye alizunguka nyumba yote. Aligusa milango, akafungua makabati, akasimama chumbani mwa mama yake Kagoya. Alipotoka barazani macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya kazi. Alieleza mipango yake: familia za Jinja na hata Kampala zitakuja Ijumaa hadi Jumapili, vyakula vyote vitanunuliwa hapahapa, wasichana wanne watapata kazi ya kufua na kutandika, barabara itatengenezwa. Watu waliokusanyika langoni walisikia, wakanong'ona kwa furaha. Nambozo alikuwa mstari wa mbele na trei ya mayai aliyokuja nayo kwa makusudi.

"Lile bomba, nyabo," Mafabi alisema.

"Lile litaingia ndani. Sina ubaya na mtu, mwenyekiti. Lakini mgeni aliyetoka mbali kutafuta utulivu hataki kuamshwa na madumu sitini na ugomvi wa zamu."

Mafabi akaieleza ahadi ya mwaka 1969, taratibu, pamoja na majina ya waliochimba. Babirye alisikiliza mikono imekunjwa.

"Baba hakuniambia jambo hilo hata siku moja," alisema. "Na kila kijiji nilichonunua samaki kina ahadi ya marehemu fulani." Akageuka. "Mama Zaituni ulikuwepo. Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilikuwa namimina chai."

Uso wa Babirye ukalegea. "Wewe nitakuamini. Baba alitusimulia mara nyingi jinsi askari walivyokupokonya funguo, na jinsi ulivyowapinga mpaka mwisho. Alisema Zaituni akisema kitu, jenga nyumba juu yake. Ojok, acha kwanza hizo spana."

Minong'ono ilianza tena langoni, safari hii ya kushusha pumzi. Nambozo alikuwa amemkazia Zaituni macho, na macho yale yalisema jambo moja tu. Ilibaki kunyamaza. Hata kunena hakukuhitajika.

"Usiniamini kwa hilo," Zaituni alisema.

"Kwa lipi?"

"La funguo. Hawakunipokonya. Hawakuomba hata. Kijana alinisalimia kwa Kiswahili cha kwao, mimi nikaogopa, nikampa mwenyewe kwa mikono hii miwili. Barua niliyomwandikia baba yako ilikuwa ya uongo. Na ya maji ni kweli. Yote mawili nayasema, uchukue utakalo."

Babirye alikaa kwenye ngazi ya baraza kama mtu aliyeelemewa na mzigo wa mwingine.

"Baba alikufa akikusifu," alisema mwishowe.

"Najua, nyabo."

"Hujui. Mimi nilikuwa pembeni ya kitanda. Hujui." Akafuta uso kwa upande wa gomesi. "Miaka kumi umenidanganya, leo unataka nikuamini juu ya maji. Ojok. Kata."

Ojok hakumtazama mtu. Alichukua jembe na spana, akaenda nyuma ya nyumba mahali bomba lilipojitenga. Langoni watu walianza kusema kwa pamoja. Nambozo hakupiga kelele. Alisogea hadi kwa Zaituni, trei ya mayai mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Umeosha roho yako na maji yetu." Kisha akamgeuzia mgongo.

Zaituni alibaki amesimama. Jembe lilisikika likigonga udongo, tena na tena, na kila pigo alilisikia ubavuni. Alijaribu kuomba, maneno hayakuja kwa mpangilio. Alifikiria mto na yale mawe. Hakujuta, na kutokujuta kwake kulimtisha zaidi, kwa sababu aliwaona wanawake wakianza kukunja kanga zao vichwani kama watu wanaojiandaa kwa safari ya chini mtoni.

Jembe likanyamaza. Ojok aliita, "Nyabo, njoo uangalie kabla sijakata."

Babirye alikwenda, Mafabi akamfuata, na Zaituni naye. Shimo lilikuwa la kufika gotini. Ojok alikuwa amechuchumaa, akikwangua kutu kwa bisibisi.

"Mmeniambia askari walitoboa bomba wakachepusha," alisema. "Hapana. Hii tii, kiungo cha njia tatu, haikuwekwa na askari. Angalia kutu yake na kutu ya bomba kubwa, ni ileile. Hata uzi wa katani uliozungushwa ni wa fundi mmoja. Iliwekwa siku ileile maji yalipoletwa, ikazibwa kwa kizibo. Kizibo chenyewe hiki hapa, askari alikitupa humu shimoni. Yeye alifungia tu kipande cha nje."

"Maana yake?"

"Maana yake aliyejenga alitaka maji yatoke upande ule. Aliacha mdomo tayari."

Babirye alikichukua kizibo, akakigeuza kiganjani. Hakutaka kushindwa upesi hivyo. "Labda baba alitaka kumwagilia maua."

"Maua nje ya ua, nyabo?" Ojok aliuliza kwa adabu.

Mafabi alicheka kabla hajajizuia. Babirye hakucheka, lakini alikaa na kile kizibo muda mrefu, na yeyote aliyemjua Geresom angeona kwamba binti anazungumza na baba yake. Hatimaye alisema, "Fukia."

Ojok akafukia.

Babirye alirudi barazani akamwita Zaituni peke yake. Hakumwambia akae. "Bomba litabaki," alisema. "Siyo kwa neno lako. Ni kwa sababu ya lile shimo. Lakini wewe hutabaki, Mama Zaituni. Siwezi kulala katika nyumba hii nikijua funguo ziko kwa mtu aliyemdanganya baba yangu mpaka kaburini. Mwisho wa mwezi utaondoka. Nitakupa gari la kubeba vitu."

"Ni haki yako," Zaituni alisema. Alikuwa ameingoja hukumu hiyo tangu mwaka 1979, na ilipofika aliona ni nzito kuliko alivyodhani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, bila mume, bila shamba, na kule Namakwekwe alimjua mwanamke mmoja tu mwenye chumba cha kupangisha. "Lakini nina neno moja kabla sijaondoka."

"Lipi?"

"Andika."

"Niandike nini?"

"Ya maji. Baba yako alikuwa mtu mwema, nyabo, na neno lake halikufika hata mwezi. Wewe leo uko, kesho utauza nyumba kwa mtu wa Kampala. Atakuja na Ojok wake. Andika, mwenyekiti apige muhuri."

Babirye alimtazama kwa hasira, kisha kwa kitu kingine. Akaomba daftari la Mafabi, akachana ukurasa, akaandika juu ya goti. Mafabi aliusoma kwa sauti pale langoni: kwamba bomba la nje ya ua ni la matumizi ya kijiji, kwa maji ya chemchemi ya marehemu Yekosofati, na mwenye nyumba hatalifunga. Watu walishangilia. Nambozo alikuwa amekwisha kuipeleka jikoni trei ya mayai, naye hakugeuka kumtazama Zaituni. Mafabi alipumua kwenye muhuri ili kuulainisha.

"Ngoja," Zaituni alisema. Aliomba ile karatasi, akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alikuwa amewahudumia watu wa mwisho wa juma miaka kumi, na alijua wanavyofikiri. Matumizi ya kijiji kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi nayo ni matumizi ya kijiji.

"Haikusema siku," alisema.

"Siku gani?"

"Ijumaa wageni watakuja. Jumamosi watataka kulala. Utatuma mtu aje na kufuli, useme Jumapili jioni tutafungua. Na ni kweli, karatasi haikukataza."

Babirye alikunja uso, na Mafabi, aliyekuwa amekwisha kuinua muhuri, aliushusha. Kwa kitambo ilionekana kama mambo yote yatarudi nyuma. Kisha Babirye alinyosha mkono, akapewa karatasi na kalamu, na pembeni ya mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa za mtu asiyefurahi, akaandika: *siku zote saba.*

Mafabi akapiga muhuri. Zaituni alirudi chumbani kwake nyuma ya jiko, akaanza kuzitoa kawa zake ukutani, moja moja.